Trekta na Mlima: Jinsi ya Kuliegesha Lisichoropoke, na la Kufanya Likishachoropoka

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Nyumba na mikarafuu iko juu, mpunga uko chini, na baina yake kuna njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikishapiga hata mbuzi huipima kwa kwato kabla ya kushuka. Trekta la kuburuga lazima lipite hapo. Kule Cheju, Unguja, dereva anaweza kuliacha trekta katikati ya konde akaenda kunywa chai, na akirudi atalikuta palepale. Huku kwetu akirudi huenda akalikuta bondeni.

Maelezo haya ni ya dereva na utingo wake, na pia ya mwenye konde aliyelikodi trekta kwa siku moja na kusimama pembeni kuangalia kazi. Huyo wa mwisho nimemtia makusudi, maana mara nyingi yeye ndiye anayesimama upande wa chini.

Anza na betri

Watu wakisikia trekta limekwenda peke yake husema breki. Ukimhoji dereva vizuri, nyuma ya breki utakuta betri. Betri ikichoka, dereva hujenga tabia tatu. Kwanza, hazimi injini akishuka, kwani anajua akizima haitawaka tena. Pili, jioni hulipandisha trekta kilimani na kuligeuza litazame chini, ili asubuhi aliachie, liserereke, atie gia liwake. Tatu, huchukua bisibisi akagusanisha vichwa vya stata akiwa amesimama chini, mbele ya tairi kubwa la nyuma. Zote tatu zinalipa trekta nafasi ya kuondoka bila mtu kitini.

Hii ya bisibisi ndiyo mbaya kuliko zote. Matrekta mengi yana swichi ndogo inayozuia stata isizunguke kama gia imeingia au klachi haijakanyagwa. Ukienda kwenye stata moja kwa moja umeiruka swichi hiyo. Gia ikiwa ndani, trekta linawaka na kuondoka papo hapo, nawe umesimama baina ya tairi la mbele na la nyuma. Na usitegemee ufunguo kuliokoa jahazi: injini nyingi za dizeli za zamani zikishawaka hazihitaji tena umeme wa betri. Huzimwa kwa kukatiwa dizeli, na mkono wa kukatia uko juu, karibu na usukani.

Kwa hiyo kabla msimu haujaanza, pima betri. Injini ikiwa imepumzika saa kadhaa, betri nzima ya volti 12 husoma kama 12.6. Ikisoma 12 au chini yake, chaji imekwisha. Washa injini upime tena: kipimo kipande mpaka baina ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, ubovu uko kwenye altaneta, ile inayochaji betri, au mkanda wa feni, na hata ukinunua betri mpya itakufa vilevile. Safisha ule ukungu mweupe wa kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto, kaza nyaya, paka grisi. Hewa yetu ya chumvi hailii tu mabati ya nyumba.

Kama pesa ya betri haijapatikana, trekta lilale mahali tambarare na asubuhi liwashwe kwa nyaya kutoka gari nyengine. Najua hii ina usumbufu. Kilima ni rahisi zaidi, ndiyo maana madereva wanakipenda.

Breki

Trekta la kawaida la kuvuta kwa magurudumu mawili hushikwa na breki za nyuma tu. Pedali ni mbili, moja ya tairi la kulia na moja la kushoto, ili dereva aweze kukata kona fupi ndani ya konde. Katikati kuna kikomeo cha kuziunganisha. Ukitoka konde, kabla hujaingia njiani, kirudishe kikomeo hicho. Pedali zikiwa zimeachana, ukikanyaga moja kwa nguvu mteremkoni, trekta linageuka ubavu na kupinduka.

Breki ya mkono ijaribu kwenye mwinamo mdogo, pasipo mtu upande wa chini, na kabari iwe imewekwa hatua moja mbele ya tairi. Ikiwa inashika kwa kuning'inia kwenye jino la mwisho, jihesabu kuwa huna breki ya mkono. Na ukipanda kutoka kwenye tope la bonde, kanyaga breki kidogo kidogo huku unakwenda. Breki za matrekta mengi ya zamani zikiingia maji hazishiki mpaka zikauke, na wewe unataka zikauke kabla ya mteremko.

Kuegesha, hatua kwa hatua

1. Tafuta tambarare, hata kama ni mbali na konde. Ukikosa, liweke trekta pua yake ielekee ukingo wa juu wa njia, na usukani ukate upande wa ukingo, ili likijongea ligote udongoni na si kwenda bondeni. Usiliegeshe juu ya nyumba, juu ya kisima, wala juu ya watu wanaopandikiza.

2. Likishasimama, shusha zana mpaka ikae chini. Plau la sahani likishuka huuma ardhi na kuwa nanga. Haro, ile zana ya sahani ya kuburugia, usiiamini peke yake, kwa sababu sahani zake zikinyooka zinaweza kuzunguka na kwenda pamoja na trekta. Hata hivyo ishushe, maana ikining'inia itashuka yenyewe mafuta ya haidroliki yakivuja, pengine juu ya mguu wa mtu.

3. Ukiwa bado umekanyaga pedali zote mbili, vuta breki ya mkono.

4. Zima injini kwa kukata dizeli. Ukiiacha inawaka, gia haikusaidii kitu, na umebaki na breki ya mkono peke yake.

5. Tia gia nzito. Likitazama chini tia rivasi, likitazama juu tia namba moja. Hapa pana mtego: matrekta mengi yana mikono miwili ya gia, mmoja wa namba na mmoja wa nzito na nyepesi. Huo wa pili ukiachwa katikati, hata ukitia namba moja kwenye ule mwengine, magurudumu yako huru. Mikono yote miwili iwe imeingia.

6. Kabla hujaachia pedali, utingo aweke kabari, akiwa ubavuni na si mbele wala nyuma ya trekta. Kisha achia breki ya miguu taratibu, trekta liegemee kabari.

7. Toa ufunguo, uweke mfukoni. Watoto wakitoka skuli, kiti cha trekta ni karata ya kwanza ya kucheza.

8. Shuka ukilitazama trekta, kama unavyoshuka ngazi, ushike vizuri. Kikoi au shati pana hunasa kwenye mkono wa gia na kuutoa bila wewe kujua. Ukishafika chini, simama ubavuni kidogo uliangalie kabla ya kulipa mgongo.

Hatua hizi ukizizoea hazichukui hata muda wa kuvuta sigara moja. Wanaoziruka huwa na sababu ileile: "Nashuka mara moja tu."

Niliiona hiyo "mara moja tu" upande wa Wete, msimu wa kuburuga. Trekta lilisimamishwa juu ya bonde huku linanguruma, na dereva akashuka kuelewana na mwenye konde mpaka unaanzia wapi. Breki ya mkono aliivuta. Gia aliitoa, haro ikabaki inaning'inia, na injini hakuizima kwa sababu ya betri. Mtikisiko wa injini ukafanya kazi yake, kijino cha breki kikaruka. Halikuondoka kwa kishindo. Lilijongea taratibu, tairi la nyuma likaponda kifuu cha nazi, na mlio wa kile kifuu ndio uliotugeuza. Dereva alilikimbilia, akashika usukani kwa mkono mmoja, mguu unatafuta pa kukanyaga. Chini kwenye kitalu cha miche alikuwapo bibi mmoja mtu mzima. Akainuka akapiga ukelele: "Wacha, mwanangu! Wacha liende!"

Akaacha. Tairi la nyuma likapita pale ulipokuwa mguu wake. Wanawake waliokuwa chini waliusikia ule ukelele wakatawanyika ubavuni, nalo likapita katikati, likakata matuta mawili na kuzama kwenye tope mpaka ekseli, injini bado inawaka. Hakuna aliyeumia. Haro ilipinda.

Kwa hesabu yangu, haro ile ingekuwa imeshushwa, hata kama ingeburuzika, dereva angepata muda wa kuwaondoa watu kabla trekta halijashika kasi.

Kabari

Jiwe la njiani si kabari. Jiwe dogo tairi hulipanda, na la mviringo huzunguka nalo. Gogo la mnazi lililokatwa tu, nalo ni duara, kwa hiyo ni gurudumu jengine unaliongeza. Tengeneza kabari mbili za kudumu zikae na trekta daima.

Mti uwe mgumu, mfenesi au mwembe mkavu unafaa. Kimo kiwe kama robo ya urefu wa tairi. Tairi kubwa la nyuma la mita 1.4 linataka kabari ya sentimita 35 hivi, na upana usipungue upana wa tairi kwa mbali. Ubavu unaogusa tairi mwambie seremala auchonge uingie ndani kidogo, ukumbatie mviringo wa tairi. Chini kigongomelee kipande cha chuma chenye meno, au tairi kuukuu la gari lenye kashata nzima, kwa sababu mbao tupu juu ya udongo mbichi huteleza pamoja na trekta.

Halafu kitu ambacho wengi hawakifanyi: toboa tundu ufunge kamba ya urefu wa mita moja na nusu. Kwa kamba hiyo utingo huivuta kabari akiwa mbali, mkono wake hauingii kabisa baina ya tairi na mti. Kamba hiyohiyo ndiyo ya kuitundikia kabari ubavuni mwa trekta, isibaki konde ikaishia kuwa kuni.

Kabari huwekwa upande wa chini wa matairi ya nyuma, ambako ndiko uzito ulipo. Trekta likitazama bonde, kabari ziko mbele ya matairi hayo, na likitazama kilima, ziko nyuma yake. Kuzitoa ni kinyume: dereva kitini kwanza, injini iwake, pedali zote mbili zikanyagwe, ndipo aseme "Vuta!" Utingo asijiamulie.

Pancha ya tairi la nyuma mlimani inataka uangalifu wa peke yake. Ukilinyanyua tairi moja kwa jeki, gia haizuii tena kitu, kwani tairi lililo hewani litazunguka huku na lile la chini likabingirika kule, maana difu, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, inaruhusu. Madereva wazoefu kabisa hushtukizwa na hili. Lipeleke trekta tambarare polepole hata kwa tairi bovu. Tairi utaliharibu, sawa. Ikishindikana, kabari ziwe kwenye tairi la nyuma lililobaki chini na kwenye ya mbele yote mawili, na asiingie mtu chini ya trekta.

Kushuka na tela

Chagua gia kabla mteremko haujaanza, gia ileile ambayo ungepandia. Ukishaanza kushuka usiiguse. Gia za matrekta mengi hazirudi kirahisi likiwa kwenye mwendo: ukiitoa ili utie nyengine, yatoka na hairudi, na hapo umebaki na breki mbili za nyuma dhidi ya shehena nzima. Klachi nayo usiikanyage, maana ni sawa na kutoa gia. Injini usiizime ili kuokoa mafuta, usukani wa haidroliki utakuwa mzito ghafla.

Tela nyingi zetu hazina breki. Likiwa na magunia ya mpunga linaweza kulishinda trekta uzito, na likianza kusukuma, trekta hugeuzwa ubavu mbele yake. Punguza mzigo, enda mara mbili. Na watu juu ya magunia wateremke waende kwa miguu hadi chini. Watanuna, lakini watafika.

Likishaanza kwenda, nawe uko chini

Usilikimbilie. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mwili wa dereva utakwenda wenyewe kabla akili haijafika. Trekta la kulimia lina uzito wa tani mbili au zaidi, bila zana. Kwenye mteremko wa ardhi ngumu unaoshuka mita 1 kila mita 10, linaweza kufika kama kilomita 20 kwa saa ndani ya sekunde 10. Pa kupandia ni mbele ya tairi la nyuma, na ukiteleza hapo ndipo unapoangukia.

Usisimame mbele kulizuia, usitupe jiwe chini ya tairi, usishike tela. Fanya mawili tu: piga kelele, na uelekeze kwa mkono watu waende upande gani. "Jamani, ubavuni! Upande wa mwembe!" inafaa kuliko "Kimbieni!", kwa sababu anayeambiwa akimbie hukimbilia chini, njia ileile ya trekta. Aliye chini akimbie kukata mteremko, na asijifiche nyuma ya mgomba. Chuma hununuliwa kingine.

Likishaanza kwenda, nawe uko kitini

Kanyaga pedali zote mbili pamoja, kwa nguvu, na mguu wa klachi uuondoe. Dondosha zana chini. Mkono wa haidroliki uko karibu na paja lako, na kwenye matrekta mengi zana hushuka kwa uzito wake hata injini ikiwa imezima. Plau likiuma linaweza kulisimamisha trekta zima.

Usikate kona ya ghafla kwenye mteremko mkali, hapo ndipo linapinduka. Lielekeze taratibu kwenye kitu laini kisicho na watu: ukingo wa udongo, kichaka, konde lenye tope. Matuta ya mtu yataharibika, na mtaelewana baadaye. Kuruka ni hatari kuliko inavyoonekana, kwani wengi huangukia mbele ya tairi la nyuma. Kama trekta lina ule upinde wa chuma wa kumkinga dereva, funga mkanda na ubaki. Kama halina upinde, mkanda usifunge kabisa.

Likishasimama

Subiri litulie, kisha mtu mmoja aende kwa ubavu akate dizeli. Weka kabari kabla ya lolote jengine, kwani trekta lililogota kwenye mti linaweza kuchoropoka mara ya pili. Harufu ya dizeli ikiwapo, sigara zizimwe.

Mtu akibanwa, usiliwashe trekta kumtoa. Linyanyueni kwa jeki na magogo, kidogo kidogo, na kila mnapopandisha tia gogo jengine chini. Pigeni 112, na majeruhi apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani, hata kama anasema yu mzima. Aliyebanwa tumbo au kifua anaweza kuzungumza vizuri na huku anavuja damu ndani.

Kulitoa bondeni ni kazi ya trekta la pili, likae mahali pakavu na tambarare. Mnyororo ufungwe chini kabisa, kwenye ubao wa kuvutia, chini ya ekseli. Ukifungwa juu, trekta linalovuta hunyanyuka pua na kumwangukia dereva wake kwa nyuma. Watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa mnyororo, maana ukikatika hurudi.

Lakini kabla hamjalivuta, mwiteni sheha na mwenye konde waone matuta mangapi yamekatwa na miche kiasi gani imelala, na mpige picha kwa simu. Kulivuta trekta kutaharibu zaidi ya ilivyoharibu kushuka kwake, na mkianza kuhesabiana fidia baada ya hapo hamtajua lipi lilitokea lini. Halafu kagueni mafuta ya injini, fimbo za usukani, na pini za haro moja moja, kabla ya kuamua kama jioni hiyo kuna kuburuga au hakuna.